Tanzia za Saa Kumi na Mbili na Nusu

Jumanne, 7 Septemba 1999

Daktari amenipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Niandike kila siku Mladen amekula nini, amesema nini, ameshtuka kwa nini. Anasema ubongo uliopigwa na kiharusi hurudi kidogo kidogo, na mtu asipoandika haoni mabadiliko. Haya, naandika. Supu ya maharage, nusu kipande cha mkate. Hakusema kitu. Ni miaka miwili sasa hasemi kitu isipokuwa "maji" na "basi", kwa hiyo sijui daftari la kurasa mia nitalijaza na nini. Nitalijaza na ya kwangu, daktari akichoka aruke.

Jambo moja liandikwe mapema. Mume wangu hanijui. Namlisha, namnyoa, namvalisha, naye ananitazama kama mtu aliyeletewa mtumishi na bado hajaamua kama ni mwizi. Lakini saa tatu asubuhi, kipindi changu cha jana kinaporudiwa na mimi natokea kwenye televisheni na blauzi yangu ya bluu nikisema, "Habari za jioni, wapendwa wa Kremenets," uso wake wote unafunguka. Anainua mkono wa kushoto, ule mzima, anaugusa mdomoni na kuunyoosha mbele. Ndivyo alivyokuwa akinibusu kwa mbali tangu uchumba wetu. Mimi nimekaa pembeni yake na bakuli mkononi, na busu langu linakwenda kwenye kioo.

Nalipokea hivyo hivyo, sina namna.

Ijumaa, 10 Septemba

Mtindi na mkate. Hakusema.

Jumatatu, 13 Septemba

Viazi, kidogo. Hakusema.

Lachezar, mwenye chaneli, ametuita ofisini, yaani mimi na mpiga picha, kwa sababu Chaneli Kremen haina wafanyakazi wengine. Kwanza alitafuna mbegu zake za alizeti na kutema maganda kwenye kiganja, ndipo akasema mambo yamebadilika. Mwakani Sofia wataruhusu televisheni ya binafsi ya nchi nzima, na hawa wadogo wa mitaani kama sisi lazima wawe na leseni, la sivyo waya zao zitakatwa. Baraza la utangazaji litatuma watu Novemba waje kutuona. Tunahitaji taarifa ya habari, tunahitaji pazia jipya, tunahitaji sura mpya. Alipofika kwenye sura mpya aliangalia dirisha.

Huyu ni mtu aliyekuwa akiuza kanda za video kituo cha mabasi. Mwaka tisini na tatu alinunua dishi, akatandaza waya kutoka paa hadi paa kama kamba za nguo, akatuletea chaneli tano za Kijerumani zisizoeleweka na tamthilia za Wamarekani wa Kusini zinazoliza mji mzima. Kabla yake tulikuwa na Sofia tu, na kila Ijumaa vipindi vya Warusi. Aliyetaka kitu kingine alimwita Mladen wangu apande juu ya paa aigeuze antena kuelekea Serbia. Mladen aliitwa kituo cha polisi mara tatu kwa antena hizo, akarudi mara tatu akicheka.

Na nani alimpa Lachezar chaneli yake? Mimi. Nilikuwa nimesoma miaka ishirini kwenye kile kisanduku cha redio ya waya kilichokuwa ukutani katika kila jiko la mji huu. Aliponiweka mbele ya kamera, watu walijua sauti kabla hawajaona uso. Saa kumi na mbili na nusu kila jioni nasoma salamu: nani ametimiza miaka, nani amepata mjukuu, wimbo gani apigiwe. Halafu nasoma tanzia. Kwetu maiti hubandikwa picha yake mlangoni, kwenye mti, kwenye kituo cha basi. Kisha tena siku ya arobaini, tena nusu mwaka, tena mwaka, mpaka karatasi zinafunika karatasi. Tangu wakati wa Lachezar hubandikwa pia kwenye televisheni, na watu huacha vijiko mezani wakasikiliza ni nani leo.

Jumatano, 15 Septemba

Sura mpya imefika. Inaitwa Ivelina, miaka ishirini na mitatu, ndugu wa mke wa Lachezar, amekulia kwenye maghorofa ya Sofia na amekataliwa mara mbili na chuo cha uigizaji. Nywele mpaka kiunoni. Meno yote. Aliponiona alinishika mikono miwili akasema mama yake alipokuwa akija likizo kwa bibi alikuwa akinisikiliza jikoni, na kwamba kufanya kazi na shangazi Velichka ni heshima.

Shangazi. Nikasema karibu, mwanangu.

Mladen: mayai mawili. Hakusema. Asubuhi alinibusu kwenye kioo mara tatu.

Jumanne, 21 Septemba

Nimeambiwa nimfundishe. Namfundisha. Nimemwambia watu wa Kremenets wanapenda mtangazaji atulie sana baada ya kila jina, ahesabu mpaka tano. Jana alihesabu mpaka tano baada ya kila jina, watu wakapiga simu kuuliza kama waya umeharibika. Leo amenishukuru na kuniuliza alikosea wapi. Nikamwambia uso wake bado hauna huzuni.

Mladen: supu. Hakusema.

Alhamisi, 30 Septemba

Mji wote unanuka pilipili hoho za kuchoma. Kila roshani ina moto wake. Nimesaga chupa kumi na nane peke yangu. Tsonka amekuja "kusaidia" na kula chupa ya kumi na tisa kwa kijiko.

Huyu Tsonka niseme ni nani, daktari asije akadhani ni ndugu. Ni mjane wa ghorofa ya chini, miaka sitini na tisa, mfupi, mpana, ananuka vitunguu, na kila jioni ninapokwenda studio yeye ndiye anakaa na Mladen. Simlipi. Analipwa kwa jemu yangu na kwa kupata mtu asiyeweza kumkatiza. Mume wake Gancho alifariki Mei, na tangu hapo anamsimulia Mladen habari za Gancho kuanzia jeshini. Nilimwambia kwamba mume wangu hasikii hata nusu. Akasema, "Hata Gancho alikuwa hivyo, na tuliishi vizuri." Sina subira naye.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mvua, siku ya nne. Kuanzia leo Ivelina anasoma salamu, mimi tanzia.

Jumanne, 12 Oktoba

Lazima niandike hii vizuri. Saa tatu asubuhi alitokea Ivelina na nywele zake. Mladen alimtazama kama anavyotazama ukuta. Dakika kumi na tano za salamu, hakuna kitu, mkono uko gotini. Halafu nikatokea mimi na tanzia, na mkono ukapanda mdomoni, busu, na akatoa sauti, si neno, sauti tu. Nililia kwenye bakuli la supu. Kati ya wanawake wote wa dunia ananijua mimi, hata kama ananijua kwa upande usiofaa.

Nikamwambia Tsonka ngazini. Akasema, "Basi usiwaache wakutoe humo ndani, Velichka." Kama vile ni mimi ninayeamua.

Jumatatu, 18 Oktoba

Uchaguzi wa meya umekwisha, mabango yanaoza ukutani. Lachezar amenikalisha. Alikuwa mpole, na nilijua hapo hapo.

"Mama Velichka, sikiliza. Baada ya yule binti, ukitokea wewe na wafu, watu wanazima. Sisemi mimi, wanasema wao. Sauti yako sitaigusa, sauti yako ni dhahabu. Ila uso tuupumzishe. Utasoma, tutaonyesha picha za marehemu."

Mwaka sabini na tano, ilipofunguliwa chaneli ya pili ya taifa, nilipanda treni kwenda Sofia kushindania utangazaji. Tulikuwa mia mbili, mimi nikafika kumi wa mwisho. Mwanamume mwenye tai ya kahawia alisema, "Sauti tungeichukua. Uso ni wa sokoni." Miaka ishirini na minne nimedhani yule mtu amekwisha kufa. Kumbe anatafuna alizeti.

Nimemwomba. Sikuwahi kumwomba mtu. Nimemweleza habari ya Mladen, ya mkono, ya kioo. Akasikitika kweli, akatema maganda, akasema tusubiri mpaka Jumamosi ya Wafu ya Novemba ipite, siku mji wote unapokwenda makaburini, tuone binti atakavyofanya na tanzia. Akiziweza, basi. Akishindwa, nabaki.

Mladen: wali na maziwa. Hakusema.

Jumapili, 24 Oktoba

Ukungu. Hakula vizuri.

Jumanne, 2 Novemba

Lachezar amebuni biashara mpya: mpiga picha anakwenda makaburini, anapiga kaburi la mtu, tunalionyesha chini ya tanzia, ili hata watoto walioko Ujerumani watumiwe kanda waone baba yao amewekewa maua. Wamejiandikisha sitini na mmoja kwa ajili ya Jumamosi ya Wafu. Wa kwanza kabisa ni Tsonka. Gancho anatimiza nusu mwaka siku hiyo hiyo. Tangu jana anaosha jiwe kwa sabuni.

Ijumaa, 5 Novemba

Naandika mezani. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kwetu mtu akifa, anayebaki huchongwa pale pale pembeni yake: picha yake, jina lake, mwaka aliozaliwa. Mwaka wa mwisho tu ndio huachwa wazi. Ni kazi moja ya fundi badala ya mbili, na mjane anajua atalala wapi. Nimekulia kati ya mawe kama hayo. Mtoto yeyote wa hapa akiona nyuso mbili hutafuta kwanza nafasi iliyo wazi. Ivelina amekulia Sofia, wafu wake huchomwa, wako kwenye vyungu vya majivu.

Tanzia zilikuwa nyingi, tukagawana. Yeye aliandika zake kwa kuangalia kanda za makaburi. Saa kumi na mbili na dakika kumi aliniletea karatasi nizipitie, kama ninavyozipitia kila siku. Ya nne ilisomeka: nusu mwaka bila wapendwa wetu Gancho na Tsonka Bonevi. Nikaangalia picha. Tsonka alikuwa ameweka maua mengi sana, yamefunika pale pasipochongwa kitu. Nyuso mbili, majina mawili.

Nilikuwa na dakika ishirini. Maneno mawili yalitosha: huyu yuko hai. Ivelina alikuwa amesimama mbele yangu anauma kucha.

"Ziko sawa, shangazi?"

"Una mwandiko mzuri," nikasema.

Nikamrudishia. Nikaenda kusimama nyuma ya kioo cha studio, nikamsikiliza akisoma vizuri, kwa huzuni niliyomfundisha, akatulia kidogo baada ya jina. Simu zikaanza kulia kabla hajafika ya sita. Sikuwa nimefikiria habari ya Tsonka hata chembe. Naapa. Nilikuwa nawaza juu ya uso wangu tu, kwamba kesho utabaki.

Nilipofika nyumbani nilikuta watu ngazini na mlango wetu uko wazi. Tsonka alikuwa kwenye kiti chake kile kile karibu na televisheni, amejiziba mdomo kwa leso. Jirani ndiye alinisimulia. Picha ilipotokea Tsonka alicheka, akamwambia Mladen, ona, wamenizika bila kuniambia. Mladen akageuza kichwa. Akamtazama mwanamke aliyekaa naye kila jioni miaka miwili, akatazama kioo, na akaamini kioo. Akaanza kupiga kelele. Kwa ule mkono mzima akamsukuma, akapiga ishara ya msalaba, akamsukuma tena, mpaka Tsonka akaanguka na jemu ikamwagika kwenye zulia.

Mladen: hakula. Alisema "toka". Neno jipya. Daktari atafurahi.

Jumamosi, 6 Novemba

Watu walimpelekea Tsonka ngano ya kuchemsha, ile ya matanga, na mshumaa mlangoni kwake, akafungua mwenyewe. Mmoja alizimia. Makaburini, wanasema, wanawake walimpisha njia kama wanavyopisha jeneza, na mkate aliokuwa akigawa kwa ajili ya Gancho hakuna aliyeupokea. Akarudi nao wote.

Sikushuka kumwona. Nilikwangua jemu kwenye zulia.

Jumatatu, 8 Novemba

Nilivaa blauzi ya bluu. Nilijua binti atafukuzwa leo.

Lachezar si mjinga. Mwishoni mwa juma simu hazikukoma, mji wote ulikuwa ukizungumza chaneli yake. Saa kumi na mbili na nusu akamleta Tsonka studio, akamkalisha chini ya taa, moja kwa moja hewani, na Ivelina akaja kutoka pembeni bila karatasi. Alikuwa amevimba macho. Alipiga magoti pale pale sakafuni akamwambia bibi nisamehe, sikujua, nimekuua mbele ya watu wote. Halafu akashindwa kuendelea, akalia, na alilia kweli. Hiyo haifundishwi, nakiri. Tsonka akamvuta kichwa akakiweka kwenye kile kifua chake cha vitunguu. "Inuka binti yangu," akasema. "Nimekufa siku tatu, na sijawahi kutembelewa na watu wengi namna hiyo."

Mpiga picha alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa shati. Mpaka wanafunga kipindi ilikuwa imepigwa simu ya mia na ishirini. Wanamtaka Ivelina. Wanamtaka kwenye salamu, kwenye tanzia, kwenye kila kitu.

Nilikutana na Tsonka kwenye korido, anavaa koti. Nilitaka kumsaidia mkono wa koti. Akausogeza.

"Yule mtoto hajui mawe yetu," akasema. "Wewe umesoma wafu wa mji huu miaka sita. Ulikuja kwenye jiwe langu mwezi wa tano, ukasifu picha yangu. Karatasi unazipitia wewe."

Nikasema nilichoka, sikuona.

"Uliona," akasema Tsonka. "Jioni mtafutie mumeo mtu mwingine. Mimi nikija ataniogopa, na wewe nitakuogopa mimi."

Alifunga vifungo vyote vitano bila haraka.

Jumanne, 9 Novemba

Sauti tu, kuanzia leo. Narekodi mchana, jioni niko nyumbani. Hata mtu wa kukaa na Mladen sihitaji tena, amesema Lachezar, naye alidhani ananifariji.

Mladen: supu, vijiko vinne. Alisema "maji".

Jumatano, 10 Novemba

Alingoja. Ivelina akatoka, zikaja picha za wafu na sauti yangu juu yake. Mkono ulipanda mpaka kidevuni ukasimama hapo. Alikuwa akinitafuta kwenye nyuso za wafu, mmoja baada ya mwingine. Zilikuwa saba. Nilimwambia niko hapa, Mladen, ni mimi hapa. Akaniashiria kwa kidole ninyamaze, anasikiliza.

Alhamisi, 11 Novemba

Alinitafuta. Viazi kidogo.

Ijumaa, 12 Novemba

Alinitafuta. Alijaribu kuinuka aangalie nyuma ya televisheni.

Jumatatu, 15 Novemba

Tumeweka kabichi na chumvi kwenye pipa, akiba ya baridi. Yaani nimeweka. Pipa la Tsonka lilikuwa tupu, mwaka jana tuliyajaza pamoja. Nilimshushia vichwa vitatu nikaviacha mlangoni. Jioni nilivikuta mlangoni kwangu.

Nilivaa blauzi ya bluu nikakaa mbele ya televisheni, nikaiziba kwa mgongo wangu, nikasema, "Habari za jioni, wapendwa wa Kremenets." Mladen akasema "toka".

Jumatano, 17 Novemba

Theluji ya kwanza, chafu. Tangu jana mkono haupandi tena. Sauti yangu ikianza anafunga macho, na machozi yanatoka chini ya kope. Hakula.

Alhamisi, 18 Novemba

Amesema. Sentensi nzima, daktari, ya kwanza baada ya miaka miwili na miezi miwili, na imetoka safi.

Nilikuwa namfuta mdomo. Akanishika kifundo cha mkono, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayempa mtumishi habari mbaya ya nyumbani, akasema, "Velichka amekufa."

Nikasema hapana.

"Yuko nao," akasema, akaonyesha kioo. "Anawaita." Kisha akangoja. Najua alikuwa akingoja nini. Kwetu jina la marehemu likitajwa, aliyepo humwombea msamaha, hata akiwa adui.

"Mungu amsamehe," nikasema.

Akaniachia mkono.

Ijumaa, 19 Novemba

Hakula. Anaonyesha mlango. Nilidhani anataka hewa. Anataka karatasi: mke wake amekufa na mlangoni hakuna kitu, kama nyumba ya mbwa.

Jumamosi, 20 Novemba

Hakula. Niliandika tanzia yangu kwa mkono, nikabandika mlango wa jikoni kwa ndani ili majirani wasione. Akaisoma muda mrefu, midomo ikicheza. Halafu akaonyesha televisheni. Nikajaribu kijiko. Akakaza meno.

Jumapili, 21 Novemba

Hakula. Maji kwa kitambaa. Daktari kwenye simu anasema siku mbili zaidi, kisha hospitali, na akienda hospitali kwa hali hii hatarudi.

Jumatatu, 22 Novemba

Watu wa baraza wamefika kutoka Sofia, watatu, wamekula nyama choma ya Lachezar, wametazama kipindi. Ivelina amewapendeza. Mmoja aliuliza sauti ya tanzia ni ya nani, kama ni kanda ya zamani ya marehemu fulani. Lachezar akacheka akasema, karibu hivyo. Nilikuwa nimesimama na trei ya kahawa.

Walipoondoka nilimfuata Ivelina kwenye chumba cha vipodozi. Nilimweleza yote, nimesimama. Nikamwambia kwamba Mladen hataamini sauti yangu, nawezaje kujisoma mwenyewe. Anamwamini aliye kwenye kioo. Nikamwomba asome mara moja tu, kwenye kanda, si hewani, niicheze nyumbani. Nilikuwa na karatasi na picha yangu ya mwaka sabini na tano.

Alikuwa akijifuta wanja. Hakugeuka, alinitazama kwenye kioo.

"Siku ile," akasema, "uliona?"

Ningeweza kudanganya. Nilimdanganya Tsonka, na Lachezar nilimdanganya bila hata kuulizwa. Lakini mtu ana siku nne hajala.

"Niliona."

Akaendelea kufuta wanja mpaka jicho likawa jeupe, kisha jingine. Nilidhani atanifukuza, na haki ilikuwa yake. Akachukua karatasi yangu, akaipitia, akaniuliza kama mwaka wa kuzaliwa ni sahihi, na kama kuna jina lolote la mtu aliye hai. Nikasema hakuna.

Akapaka wanja upya. Akavaa nyeusi. Mpiga picha akawasha taa, nami nikasimama nyuma ya kioo cha studio. Alisoma mara moja, bila kukosea: kwa huzuni tunatangaza kwamba Velichka Mandova, mtangazaji, sauti ya mji wetu, mke mpendwa wa Mladen, ametutoka akiwa na miaka hamsini na saba. Akatulia baada ya jina langu. Nilihesabu, ilifika tano.

Sijawahi kusikia tanzia iliyosomwa vizuri kiasi hicho. Nilimchukia yule binti zaidi ya miezi miwili, na sasa sijui niiweke wapi hiyo chuki. Alinipa kanda mkononi akasema, "Pole, shangazi." Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningejua la kujibu.

Jumanne, 23 Novemba

Saa tatu asubuhi niliingiza kanda kwenye video. Ivelina akatokea na nguo nyeusi. Mladen akakaza shingo. Picha yangu ikaja, nina miaka thelathini na mitatu, nywele zimefungwa juu, siku ile ya treni. Akainua mkono, akaugusa mdomoni, akaunyoosha mbele. Aliuacha hewani mpaka picha ilipoondoka. Kisha akasema, "Mungu amsamehe," na mimi nikasema hivyo hivyo.

Nikamwaga divai kidogo sakafuni kama inavyotakiwa kwa marehemu. Nikawasha mshumaa. Akautazama ukiwaka, amepumzika, kama mtu aliyemaliza kazi ya watu wengi peke yake.

Halafu akafungua mdomo. Supu ya kuku, kijiko cha kwanza, cha pili, cha tano. Alikula kwa njaa, nyingine ikamwagika kifuani, nikamfuta. Bakuli lilipokaribia kwisha alinitazama, na mara hii hakunitazama kama mwizi.

"Wewe ni mwema," akasema. "Unaitwa nani?"

Nimemwambia amalize supu kwanza, inapoa.